Pikapu Iliyozima kwa Dereva Mmoja Tu

Siku ya kuniaga, vijana wa gereji mlinipa kitenge, chupa ya chai na kipaza sauti. Kitenge nimeshakishona, chupa ya chai iko mezani hapa ninapoandika, lakini kipaza sauti nilikirudisha papo hapo. Mimi kusimama mbele za watu na kutoa hotuba siwezi. Hata mwanangu alipoolewa, alisemewa na mjomba wake. Ndipo mkaniambia, basi Bi Domi, tuandikie. Nimekubali, ila msitafute humu habari za mishahara wala za nani alipanda cheo. Gereji yetu haikuwa na vyeo vya kugombania. Kulikuwa na mwenye gereji, kulikuwa na Fundi Mbonea, halafu kulikuwa na sisi wengine.

Nilifika Same nikiwa mtu mzima mwenye mtoto. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, nami nikazaliwa kambini huko tambarare, ambako milima ya Upare niliipanda kwa macho tu. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha shamba la mkonge, nikiwasaidia mafundi wa mota. Kiwanda kilipofungwa nikaja mjini na bisibisi zangu kwenye kikapu. Nikaambiwa kuna gereji kando ya barabara kuu yenye mzee wa umeme wa magari aliyewafukuza wasaidizi wengi kwa sababu walikuwa na haraka. Nikaona huyo ananifaa, maana haraka ni kitu ambacho sijawahi kuwa nacho.

Fundi Mbonea alikuwa Mpare wa juu milimani, Msabato wa kweli, mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya pama ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Akiwa ameinama kwenye injini aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Akinyamaza, tulijua amefika mahali pagumu. Siku ile ya kwanza hakuniuliza cheti, na wala hakuniuliza mwanamke anatafuta nini gerejini, swali ambalo wateja waliendelea kuniuliza mpaka nilipoota mvi. Alinipa taa ya kupimia aliyoitengeneza mwenyewe kwa balbu ya indiketa, waya mbili na sindano ya kushonea magunia, akanionyesha lori ambalo taa zake za nyuma zilikataa kuwaka. Akasema, "Umeme umetoka kwenye betri, huku nyuma hauonekani. Nenda ukaulize umeishia wapi." Kisha akaenda zake kunywa uji.

Niliufuata waya wa lori lile kutoka mbele hadi nyuma. Kila nilipochoma sindano, balbu iliwaka. Nikafika mpaka kwenye taa yenyewe, balbu bado inawaka, na taa ya lori bado giza. Nilirudia kazi yote tangu mwanzo, nikidhani sindano inanidanganya. Mwisho nikakuta waya wa kurudisha umeme kwenye bodi umefungwa kwa nati iliyoliwa na kutu. Umeme ulikuwa umefika siku zote, ila haukuwa na njia ya kurudi. Nikaipiga ile nati msasa, taa zikawaka. Mzee alipita, akatazama, akasema nije tena kesho. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Kwa ninyi mliokulia kwenye magari ya kompyuta, ambayo mnayachomeka mashine nayo yanasema yenyewe yanaumwa wapi, inabidi nieleze kidogo. Gari la petroli la zamani linahitaji cheche ili liwake. Umeme mdogo wa betri unaingia kwenye koili, koili inaukuza, distributa inaugawa kwenda kwenye plagi. Katikati ya koili na distributa kuna waya mwembamba, na ndani ya distributa kuna vipande viwili vya kugusana na kuachana, tuliviita platini. Vikichakaa, gari linasumbua. Nafasi kati ya vipande hivyo Mbonea aliipima kwa karatasi ngumu ya kiberiti, na nilipokuja kuipima kwa kipimo cha chuma cha dukani niliikuta iko sawa. Rangi ya cheche aliisoma kwa jicho: ya buluu ni nzima, ya wekundu ni ya kulaza gari porini.

Lakini kipimo chake cha kwanza kilikuwa dereva. Hakufungua boneti kabla dereva hajaketi kwenye tairi kuukuu na kusimulia. Swali lake lilikuwa lilelile kwa kila mtu: lilikohoa, au lilikata? Gari likikosa mafuta hukohoa kwanza, hulegea, huvuta kidogo, ndipo linakufa. Likikosa moto hukata ghafla, bila kuaga. Kwa swali hilo moja alikuwa ameshajua aanzie kwenye tangi au kwenye koili. Mimi nilidhani ni ushirikina mpaka nilipoona linavyookoa muda.

Tulikuwa na kesi za kila aina. Malori ya Makanya yalikuja na vumbi la jasi ndani ya distributa, jeupe, limeganda kwa unyevu, tukawa tunakwangua kama wapishi wanaokwangua sufuria. Trekta moja la Ndungu lilikuwa likipiga honi lenyewe kila likikata kona, mpaka wenyewe wakaanza kutafuta wa kuliombea, kumbe panya wa mpunga walikuwa wamekula ngozi ya waya kwenye usukani. Mbonea alifunga utepe, akawashauri wafuge paka. Sikuwahi kumwona akimcheka mteja. Alisema gari likiharibika mwenye gari huwa ameshachekwa vya kutosha njiani.

Sasa nije kwenye pikapu, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Ilikuwa ya petroli, nzee hata kwa wakati ule, mali ya kijiji kimoja cha juu huko Pare ya kusini wanakolima tangawizi. Kijiji sitakitaja, nina marafiki huko na bado wananiletea tangawizi. Waliinunua kwa jasho. Kila nyumba ilitoa mazao, na barabara ya kuifikisha juu waliichimba wenyewe kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Wapare huitana kwa baragumu na asiyetokea huulizwa yuko wapi. Pikapu ile ilishusha tangawizi sokoni, ikapandisha saruji, chumvi, wagonjwa waliopona na maharusi. Dereva wake aliitwa Eliamini, baba wa watoto wadogo, mtu mpole mwenye kuongea taratibu. Alichaguliwa kwenye mkutano wa kijiji, watu wakinyoosha mikono, na mama yake alilitaja jambo hilo kila aliposalimiwa.

Ikaanza kuzima. Ikishuka haina neno. Ikipanda na mzigo, kwenye kona kali za juu, inakata. Eliamini anaweka jiwe nyuma ya tairi, anafungua boneti, anagusa hiki na kile, inawaka tena. Inapanda kidogo, inakata. Akaileta kwetu. Mbonea akamketisha kwenye tairi akamuuliza swali lake, na Eliamini akajibu bila kusita kwamba halikohoi, linakata. Basi ni umeme. Tukabadilisha platini na kondensa, tukasafisha distributa, tukaweka koili nyingine tuliyoijua kuwa ni nzima. Tukapima betri. Mbonea akaisifu stata, akasema kwa umri wa gari lile stata imetunzwa kama ya dukani. Tukaliendesha kwenye lami mpaka Makanya na kurudi, likaenda vizuri kabisa.

Haikupita muda likarudi. Safari hii Eliamini alifuatana na Mzee Yoeli, mwenyekiti wa kamati ya gari, mzee wa kanisa na mkulima mkubwa wa tangawizi, mtu wa haki lakini mwenye uso usioonyesha kitu. Likapimwa tena kila kitu. Tukalipakia vyuma chakavu tukaenda nalo Makanya, likaenda bila kujikwaa. Gereji ilikuwa imejaa, wateja wanaita, jua kali. Mbonea akajifuta mikono akasema, "Mzee Yoeli, gari hili ni zima. Kama linazima huko kwenu, tafuteni sababu nyingine."

Maneno hayo fundi yeyote huyasema, na ninyi mmeshayasema. Lakini yalipanda mlimani pamoja na pikapu, na kila kona yalibadilika kidogo, mpaka yakafika juu yakiwa yanasema kwamba fundi amesema tatizo ni dereva. Pikapu ikakata tena kona ya juu, na sasa watu wakawa na jibu. Anauza mafuta huko Makanya, wakasema, anapanda na tangi tupu, likimwishia anafungua boneti kuzuga. Wakampa gari kijana mwingine ili alijaribu, akashuka nalo tupu mpaka Same akapanda nalo tupu, halikuzima hata mara moja. Hapo mambo yakaisha. Eliamini akanyang'anywa ufunguo, kikao kikapangwa Jumapili baada ya ibada, kijiji kizima.

Alikuja gerejini Ijumaa mchana, kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nilikuwa nimekaa na distributa mapajani. Alimwamkia Mbonea shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi mwenyewe kwenye lile tairi bila kuambiwa. Akaeleza yote niliyoyaandika hapo juu, taratibu, bila kumlaumu mtu. Akasema mama yake ameacha kwenda bombani kuchota maji kwa sababu wenzake hunyamaza akifika. Huko kwao, alisema, mtu akiitwa mwizi wa mali ya msaragambo, hata wanawe huitwa hivyo, na wajukuu. Nilidhani atamwomba fundi aje kumtetea. Hakuomba.

"Fundi, sikuja kulalamika," alisema. "Wewe ulisema gari ni zima. Kama ni zima kweli, basi mbovu ni mimi, nami nataka kujua nimeharibika wapi. Labda ninakanyaga vibaya. Labda goti langu linagusa ufunguo. Niambie tu, nijue."

Nilimwona Mbonea anakunja kitambaa chake cha mikono, anakikunjua, anakikunja tena. Mwisho akamwambia arudi nyumbani, Jumapili atakuja. Kisha akafunga sanduku la vifaa mapema, maana jua lilikuwa linaelekea kushuka na Sabato ilikuwa inaingia. Jumamosi hakugusa hata bisibisi, alikwenda kanisani. Nasikia aliimba ubeti wa tatu wakati kwaya nzima iko wa pili.

Jumapili alfajiri tukapanda kwa gari la mizigo. Njiani aliimba kidogo. Mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika juu kabisa, na nakiri nilishika chuma cha pembeni kwa mikono yote miwili, macho nikiwa nimeyafumba kila kona. Tukafika kabla ya kengele ya kanisa. Pikapu ilikuwa pembeni ya uwanja, pua ikitazama bondeni, jiwe chini ya tairi. Pikipiki ya mchungaji nayo ilitazama bondeni. Trekta la mtu mmoja nalo vilevile. Nikajiuliza kama kuna kitu cha kutazamwa huko chini.

Mzee Yoeli alitupokea vizuri, akadhani fundi amekuja kuthibitisha maneno yake. Alitoa ufunguo mfukoni. Mbonea akaingia kwenye gari, akataka kuwasha, Mzee Yoeli akamzuia kwa mkono.

"Huku hatutumii stata, fundi. Tunaokoa betri."

Akaita wanaume waliokuwa wakisubiri ibada. Wakatoa jiwe, wakasukuma, pikapu ikateremka, na yule kijana wa kulijaribu, aliyechukua usukani kwa Mbonea, akaachia klachi ikiwa ndani ya gia. Gari zima likaruka mbele kama mbuzi aliyekanyagwa mkia, pua ikainama, ikainuka, likanguruma likawaka. Wale wanaume wakarudi wakipangusa mikono, wametosheka. Mimi mtu wa tambarare nilicheka mpaka nikaketi chini. Nikawauliza kama wanafanya hivyo kila siku. Wakasema kwa fahari kwamba ni kila asubuhi tangu lilipofika, na kila linapozimwa. Eliamini mwenyewe walimfundisha hivyo, na siku moja alipothubutu kutumia stata alikemewa kwamba anamaliza betri ya kijiji. Hapo nikaelewa kwa nini ile stata ilikuwa kama ya dukani.

Nilipogeuka kumtafuta Mbonea tucheke pamoja, hakuwa anacheka. Alikuwa ameacha kuimba. Alisimama anaitazama pua ya pikapu, mahali palepale iliporukia.

Kengele ikalia, watu wakaingia kanisani. Yeye Msabato, mimi Mkatoliki niliyekuwa kazini, tukabaki na gari. Akaniketisha kwenye usukani. Tukaweka mawe mbele na nyuma ya tairi, nikavuta breki ya mkono, nikakanyaga na ya mguu, nikaingiza gia ya kwanza. Akaniambia niiachie klachi polepole, kana kwamba napanda kona na mzigo mzito. Yeye akafungua boneti, taa yake ya kupimia ameiunga kwenye koili, balbu ikawa inapepesa kama inavyotakiwa.

Nilipoachia, injini ikainuka upande mmoja. Iliinuka ikajipinda, maana mpira unaoishika kwenye chesisi ulikuwa umepasuka kabisa, umebaki kukaa tu mahali pake kwa mazoea. Ilipojipinda ikauvuta ule waya mwembamba wa kati ya koili na distributa, ukawa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Balbu ikaacha kupepesa, ikabaki imewaka tu. Injini ikakata, bila kukohoa. Nilipokanyaga klachi, ikajilaza chini, waya ukalegea, na ukiutazama huoni ubaya wowote. Mbonea akauchukua, akaukunja taratibu kwa vidole kutoka mwisho hadi mwisho, mpaka akafika mahali ambapo ulikuwa laini mno. Ngozi ilikuwa nzima, shaba ndani imekatika. Ikilala inagusana, ikivutwa inaachana.

Kila kitu kikajipanga kichwani mwangu. Kwenye lami ya Makanya injini haijipindi namna hiyo, hata ukipakia vyuma. Gari likipanda tupu, vilevile. Kinacholifanya likate ni mlima na mzigo kwa pamoja, na mlima na mzigo vilikuwa vya Eliamini peke yake. Na ule mpira uliuawa na nini? Na mruko wa kila asubuhi, miaka nenda rudi, kwa ajili ya kuokoa betri.

Nilitoa koleo na kipande cha waya mpya. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Kabla watu hawajatoka kanisani gari lingekuwa limepona.

"Rudisha," Mbonea akasema.

Nikamwambia kwamba mpira unaweza kungoja, lakini waya tunaubadilisha sasa hivi.

"Rudisha koleo, Domitila."

Nikalirudisha, nimenuna. Tukaketi kwenye jiwe kusikiliza kwaya ya watu wengine. Yeye akasema sauti ya besi inachelewa.

Watu walipotoka, hawakutawanyika. Walikaa kwenye nyasi kuzunguka uwanja, wazee mbele. Eliamini alitokea kwake akiwa amevaa koti zuri, pengine lilelile la harusi, mama yake kando yake amemshika kiwiko. Mzee Yoeli akafungua kikao kwa sala, akaeleza jambo lililowaleta, kisha akasema kwa kuwa fundi mwenyewe yupo, aanze yeye. Mbonea akasimama. Akavua ile kofia yake, ambayo sikuwahi kumwona akiivua kwa mtu yeyote isipokuwa Mungu.

"Mimi ndiye fundi," alisema. "Mara mbili gari hili limeletwa kwangu, na mara mbili nimesema ni zima. Si zima. Sikuuona ugonjwa wake, na badala ya kusema sikuuona, nilisema haupo. Ninyi mkamtafuta mwingine wa kumbebesha, mkampata huyu."

Akamwita Mzee Yoeli aje ashike mwenyewe taa ya kupimia. Akamwita Eliamini aketi kwenye usukani, mahali pake. Wakalisukuma likawaka, likarudishwa uwanjani, mawe yakawekwa, na wote wenye macho wakaja kuzunguka boneti. Eliamini akaachia klachi. Injini ikainuka, balbu mkononi mwa Mzee Yoeli ikaacha kupepesa, gari likakata. Wakataka warudie. Likarudiwa, mpaka kila mzee akawa ameona. Mbonea akawaambia kwamba Eliamini alisema tangu siku ya kwanza kuwa gari linakata na halikohoi, na gari lililomaliza mafuta lazima likohoe. Shahidi huyo yeye alimsikia kwa masikio yake, akampuuza. Kisha akawaonyesha ule mpira, akawaeleza umeuawa na nini. Wanaume wa kusukuma wakatazamana. Akasema hapa hakuna mwizi, kuna mteremko tu, na kwamba yeye mwenyewe kwao ng'ambo ya bonde pikipiki yake hulala ikitazama bondeni vivyo hivyo, ndiyo maana jambo lenyewe hakuliona hata lilipokuwa mbele ya macho yake. Kwa mara ya kwanza siku ile watu wakacheka.

Mzee Yoeli hakucheka. Alizunguka mpaka kwenye mlango wa pikapu alipokuwa Eliamini, akachomoa ufunguo, akampa kwa mikono miwili. Mzee kumpa kijana kitu kwa mikono miwili si jambo la kawaida. Akasema, "Mwanangu, tumekukosea." Eliamini akaupokea. Mama yake alilia kwa sauti bila kujificha, na mimi nililia pia, ingawa nilisingizia moshi wa injini.

Ndipo nikaruhusiwa kutoa koleo langu. Nikaweka waya mpya mrefu kidogo, wenye kulegea vya kutosha ili injini ijipinde itakavyo, na Mbonea akakata kipande cha tairi la lori akakitia mahali pa mpira mpaka utakapopatikana mwingine. Waliopenda kutazama walitazama. Jioni Eliamini akawasha kwa stata, mbele ya wote, akatushusha mpaka Same. Njia nzima alikuwa anasimulia habari za watoto wake.

Alipotuacha kwenye barabara kuu, bado nilikuwa nimenuna kidogo, nikamwambia mzee niliyokuwa nayo moyoni. Kesho mji mzima utajua kwamba Mbonea hakuuona waya uliokatika, nikasema, na wenye malori watasema amezeeka. Na kweli walisema, na wengine walihamia kwa jirani wasirudi tena. Nikamwambia kwamba asubuhi ile tulikuwa peke yetu, wote wako kanisani, waya mkononi mwangu. Gari lingepona, Eliamini angerudishiwa kazi, na jina lake yeye lingebaki safi.

Akauhamishia mfuko wa spana bega la pili.

"Tungelitengeneza kimyakimya," alisema, "gari lingeacha kuzima. Leo lisingezima, kesho lisingezima. Watu wangesema nini?"

Nikasema wangefurahi.

"Wangesema, mmeona? Tulipomwekea kikao tu, wizi umekoma."

Nilimpokea mfuko wa spana, nikaubeba mimi mpaka gerejini.